Fundi wa kunyoosha chasisi nyumbani: huyu wa ndoo ya maji simpi hata nyota moja

Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Kama una lori la zamani chasisi imepinda, na kuna mtu kakuahidi atakuja kukunyooshea hapo hapo uani kwako, soma kwanza kabla hujampa hata shilingi.

Gari langu ni Canter ya zamani, zile za injini ya 4D32. Linabeba ndizi kutoka Mkuyuni na Matombo kuja Morogoro mjini. Kipindi cha masika karavati liliporomoka chini ya tairi la mbele kulia, mzigo ukiwa juu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini reli ya kulia, moja ya yale machuma mawili marefu ya chasisi, ilipinda nyuma kidogo ya kabini. Tangu hapo gari likawa linatembea ubavu: ukilifuata kwa nyuma unaona tairi za nyuma hazipiti njia moja na za mbele, na matairi yanalika upande mmoja tu.

Gereji moja iliniambia nibadilishe chasisi nzima. Nyingine ilitaka gari likae kwao muda ambao ndizi zangu zisingeweza kusubiri. Ndipo nikapewa namba ya kijana anayefuata magari majumbani, kasifiwa kweli kweli. Tukakubaliana kwenye simu, tukarudia uso kwa uso: atavuta kwa jeki na mnyororo, chuma kikiwa baridi. Laki nne na nusu. Nikatanguliza laki mbili.

Akaja na mitungi ya gesi. Jeki hana, mnyororo hana, hata futi ya kupimia hana. Akainama, akafumba jicho moja, akatazama reli kwa sekunde chache, akawasha tochi ya gesi.

Sasa mnaofahamu Canter mnajua ndani ya ile reli kunapita nini. Nyaya za taa. Bomba la breki. Tangi la dizeli liko hapo hapo pembeni. Hakufungua hata kibano kimoja. Nikamwambia kwa upole, "Fundi, tulikubaliana kuvuta baridi." Hakugeuka. Akasema, "Mzee, chuma ni chuma. Kaa kivulini."

Uani kwangu. Mbele ya mke wangu na majirani waliosimama kwenye ua. Mtoto sawa na kitinda mimba wangu. Nikamwambia tena kwamba kuna nyaya pale ndani na hiyo si bodi, hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Akajibu, "Kama unajua si ungenyoosha mwenyewe?" Msaidizi wake akacheka.

Halafu ndiyo ikaja ndoo. Alichukua ndoo ya kufulia ya mke wangu bila kuomba, akajaza maji bombani, na reli ikiwa bado nyekundu akaimwagia yote. Mvuke ukatanda hadi dirishani. Reli ikajivuta kidogo, akapiga nyundo, akasema, "Umeona?" Akapiga grinda, akapaka rangi nyeusi, akaondoka kabla haijakauka. Na hiyo grinda aliipitisha karibu kabisa na namba ya chasisi, ambayo kwenye gari langu imegongwa kwenye reli hiyo hiyo ya kulia. Angeifuta, ningemweleza nini trafiki siku ya ukaguzi?

Jioni taa za nyuma hazikuwaka. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Hilo ningeweza kulisamehe, nyaya zinanunuliwa. Ndoo siwezi.

Chuma kikipashwa moto kupita nyuzi joto 700 na kitu hivi, muundo wake wa ndani unabadilika. Ukikiacha kipoe taratibu kwa hewa, kinarudi karibu na kilivyokuwa. Ukikimwagia maji ghafla, kinakuwa kigumu na kinapoteza ile tabia ya kunepa. Wahunzi wanafanya hivyo makusudi kwenye makali ya panga na shoka, kisha wanakipasha tena kidogo ili kisivunjike. Lakini reli ya lori kazi yake ni kunepa: kila shimo inanepa, kila kona inanepa. Ukiweka kipande kigumu katikati yake, na pembeni mwa hicho kipande chuma kimelegezwa na moto, umetengeneza mahali pa kupasukia. Nakubali, moto na maji ni ufundi wa kweli kwenye bati la boneti au la mlango, mafundi bodi wanautumia na unatoa matokeo mazuri. Bati la mlango halibebi tani tatu za ndizi kushuka milima ya Uluguru.

Nilipanga niishie hapo na kuwaambia nyote: msinyooshe chasisi nyumbani, pelekeni gereji. Ila nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu aliyeniokoa naye alifanya kazi uani kwangu, pale pale.

Ni mzee mmoja, fundi wa malori wa siku nyingi, jirani ndiye alinitafutia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akalala chini ya gari kabla hata hatujazungumza bei. Akakwangua ile rangi nyeusi. Chini yake chuma kilikuwa na rangi zimepangana: bluu, kisha zambarau, kisha kahawia, mwisho rangi ya nyasi kavu. Akaniita niingie chini nione, akasema, "Hapa palichomwa, na hapa palimwagiwa maji." Hakuwa ameambiwa na mtu.

Akaomba mafuta ya taa na chaki. Akapaka mafuta ya taa kuzunguka tundu la riveti, akasubiri, akafuta pakavu kabisa kwa kitambaa, kisha akasugua chaki juu yake. Tukakaa kimya tukitazama. Polepole ukatokea mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu kushuka kuelekea ukingo wa chini. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa ndiyo yalikuwa yanatoka. Huo ndio ufa ambao ningeshuka nao Matombo na mzigo, na utingo wangu kakaa pembeni.

Kabla ya kuvuta alipima, na kupima ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kazi yote. Gari tupu kwenye sakafu ya zege. Akachagua matundu yanayolingana kulia na kushoto, akashusha timazi, ule uzi wenye kizito, kutoka kila tundu, akaweka alama ya chaki chini. Tukasukuma gari pembeni, akapima alama kwa alama, pembe kwa pembe. Chasisi iliyonyooka, mistari miwili ya kukatiza inalingana. Yangu ilipishana milimita 22. Kwa hiyo yule kijana, pamoja na moto wake na maji yake na maneno yake, hakuwa amenyoosha kitu! Alisogeza tu kinachoonekana kwa jicho.

Mzee akatoa nyaya zote, akashusha tangi, akafunga boriti nene ya chuma sambamba na reli kwa minyororo, akaweka jeki ya tani 20 kati yake. Juu ya minyororo akatandika blanketi kuukuu, akatufukuza wote tusisimame kwenye mstari wa mvuto, maana mnyororo ukikatika unaua. Akavuta kupita kiwango kidogo, kwa sababu chuma baridi kikiachiwa hurudi nyuma. Akagonga taratibu kuzunguka kona ya mpindo jeki ikiwa bado imebana, akaachia, akapima, akavuta tena. Hivyo hivyo mpaka mistari ikalingana ndani ya milimita mbili.

Ufa ukaja mwisho. Akatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee, akatoa waya za betri na za altaneta, akachomelea kwa vijiti vya 7018 vilivyokaa pakavu. Juu yake akaweka bamba lenye ncha za mshazari, kalifunga kwa bolti kwenye ubavu wa reli. Ukingo wa juu na wa chini hakuugusa kwa moto wala kwa drili. Kila nilipouliza swali alinijibu, na akaniruhusu nishike futi upande wa pili.

Kwa hiyo kunyooshewa nyumbani kunafaa? Kwa huyu mzee, ndiyo, kwa moyo wote, kuliko gereji zile mbili. Gari linakwenda sawasawa, matairi hayaliki tena. Lakini kila nikiandika "ndiyo" naikumbuka ile sehemu iliyochomwa. Bado ipo ndani ya reli, hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa, mzee mwenyewe aliniambia nipunguze mzigo na nipake chaki kila baada ya muda. Sipakii tena kama zamani. Kila safari naacha mikungu ya watu kijijini, na pesa yake inabaki huko. Gharama hiyo haimo kwenye laki nne na nusu ya mtu yeyote.

Mtu akija kwako kunyoosha chasisi, usitazame vifaa vyake vizito, tazama kama ana timazi na futi. Akianza kuwasha gesi kabla hajapima, funga geti yeye akiwa nje. Mzee nampa nyota zote. Yule kijana, laki mbili zangu bado anazo, nikipiga simu anakata, na nasikia wiki hii yuko Kihonda anafanya gari la mtu mwingine. Mwenye gari hilo, kama unasoma hapa, mwambie azime huo moto sasa hivi.