Nimeuziwa Ten nusu: uzoefu wangu na muuza CD wa mtandaoni

Naandika nikiwa bado na hasira, maana nikisema nipoe kwanza nitaishia kumsifia huyu jamaa na hastahili. Au anastahili kidogo. Tutaona huko mbele.

Iko hivi. Nimenunua albamu ya Pearl Jam, bendi ya roki ya Marekani, inaitwa Ten, ile ya kava la pinki wamenyoosha mikono juu wote kwa pamoja, nimenunua kwa muuza CD za mtumba mmoja hapa Dar anayeuzia mtandaoni, jina simtaji asije akapata wateja bure. Nimelipa elfu themanini na tano pamoja na boda. Kilichonifikia ni kava la CD mbili lenye CD moja. Moja! Upande wa pili kile kidude cha plastiki cha kushikilia CD kiko wazi kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza.

Mtu asiyejua atasema albamu ni moja, CD moja si inatosha. Na ndicho alichonijibu muuzaji, kwa voisi ya sekunde kama tisa hivi, nyuma honi zinalia: "Kaka nyimbo ni zilezile, kumi na moja kwa kumi na moja, hujapunjwa kitu hapo."

Hujapunjwa kitu. Nimeisikiliza hiyo voisi mara nyingi kuliko CD yenyewe.

Sasa ngoja nieleze nimepunjwa nini. Hii albamu ilirekodiwa Seattle, studio ya London Bridge, Machi na Aprili 1991, prodyuza ni Rick Parashar pamoja na bendi wenyewe. Kanda zikavushwa hadi Uingereza, huko Dorking kwenye studio ya Ridge Farm, akakabidhiwa Tim Palmer aimiksi, yaani apange sauti zote zikae pamoja, na Palmer akaimwagia mwangwi bila huruma. Ngoma zinalia kama zimepigwa kwenye godauni tupu bandarini, Eddie Vedder anaimba kama yuko chini kisimani na wewe umeinamia juu unamwita. Ikatoka Agosti 1991, ikaanza polepole halafu ikaja kuuza zaidi ya nakala milioni 13 Marekani peke yake. Lakini miaka ikaenda, bendi wenyewe wakaanza kuuonea aibu ule mwangwi, Jeff Ament mpiga besi alishasema wazi angependa imiksiwe tena upunguzwe. Basi 2009 wakampa Brendan O'Brien kanda zilezile akamiksi upya, kakausha kila kitu. Wakaziuza pamoja, CD ya kwanza ile miksi ya zamani imesafishwa tu, CD ya pili hii mpya ya O'Brien.

Nimetumiwa ya pili. Ya zamani ndo pengo.

Kwa hiyo ni kweli, zile nyimbo kumi na moja ni zilezile. Ng'ombe naye ni yuleyule ila kuna supu na kuna mishkaki, uliza mtu aliyeagiza supu akaletewa mishkaki kama hajapunjwa.

Na mtasema si ipo mtandaoni, weka bando usikilize. Ipo, naijua, nimeisikiliza huko. Mi nilitaka kuishika, na sababu yake ni ya kizamani kidogo.

Albamu hii niliijua kwa kaseti. Tanga, katikati ya miaka ya tisini, mi niko shule ya msingi bado, kuna braza wetu mtoto wa mama mdogo alikuwa anafanya kazi melini, akirudi likizo anakuja na kaseti alizorekodi kwa watu huko huko, hazina kava, zina karatasi tu kaandika kwa peni. Hii kaandika TEN, mi nikadhani ni kaseti ya kumi nikawa natafuta ile ya tisa. Ilikuwa kaseti ya dakika sitini, thelathini upande huu thelathini upande ule. Anayejua hii albamu ameshaelewa naelekea wapi: inaanza Once, inapita Even Flow, Alive, Why Go, Black, Jeremy, inaingia Oceans, na hapo dakika thelathini zimeisha. Imeanza tu, gitaa linakuja kama maji ya jioni yanapopanda, jamaa kaanza kuvuta sauti, TAK, kaseti imeruka. Unageuza, upande B unaanza Oceans ikiwa imeshafika mbali, kipande cha katikati kimepotea wakati huyo aliyerekodi kule melini anageuza kaseti yake. Mi nimekua najua Oceans ina shimo katikati. Nilivyokuja kuisikia nzima, nishakuwa mtu mzima, ilinishtua kama umerudi nyumbani ukakuta chumba ambacho hukuwahi kukiona.

Halafu baadaye nikaja kusoma kwamba kwenye huohuo wimbo Tim Palmer alihitaji vyombo vya kutikisa na kugonga, na pale Ridge Farm ni shamba, hakuna duka la kukodi vyombo karibu, akachukua kitikisio cha pilipili manga na mtungi wa kuzimia moto, akavipiga, vikaingia kwenye rekodi. Pilipili manga! Kwenye kaseti yangu huwezi kusikia kitu kama hicho maana kaseti yenyewe muda wote inatoa sauti ya pilipili kutikiswa. Nikasema siku moja nitanunua CD, ule mwangwi wa zamani, nivae hedifoni za maana, nizime simu, niisikie ile pilipili. Hiyo ndo ilikuwa safari ya elfu themanini na tano yangu.

Nikamjibu muuzaji vizuri tu, kistaarabu, nikamwelekeza tofauti ya CD ya kwanza na ya pili, nikamtumia na picha ya lile pengo. Tiki mbili za bluu. Kimya. Kesho yake nikamsalimia, bluu, kimya. Napiga, hapokei. Hapo huku kwenye ukurasa wake anaposti mzigo mpya na vimoyo.

Nikiri kitu. Wakati nasubiri, kwa hasira, niliiweka hiyo CD aliyonipa. Nilitaka niichukie. Na kwa nyimbo mbili za mwanzo niliichukia haswa, mwangwi haupo, Vedder katoka kisimani kaja kusimama sebuleni kwangu karibu na friji, unasikia kabisa anavyovuta pumzi, nikajisemea hii si heshima, mtu umezoea kumsikia kwa mbali miaka yote. Ngoma za Dave Krusen zilizokuwa godauni sasa zinagonga mlangoni. Ila ikafika Jeremy. Ule mwanzo wa Jeremy ni besi ya Ament, besi ya nyuzi kumi na mbili, na kwenye kaseti ya braza mi nilikuwa najua ni gitaa fulani tu la ajabu lina kutu. Kwenye hii miksi ya O'Brien unausikia uzi mnene na wenzake wembamba wanaofuatana nao, kila mmoja kivyake, nikairudia. Nikairudia tena. Wife akauliza kuna nini mbona hiyo hiyo. Na gitaa la Stone Gossard na la Mike McCready zimeachana, huyu huku huyu kule, ambapo zamani ilikuwa ni wingu moja. Yani kuna vitu mle ndani vilikuwa vimezikwa na mwangwi toka 1991 na mi nilikuwa nauita huo mwangwi roho ya albamu.

Kwa hiyo hapo nikawa nimeshaandika nyota nne kichwani, kosa dogo, jamaa kanipa kitu ambacho nisingekinunua kwa hiari yangu. Halafu nikairudisha nyuma hadi Black. Hapana. Black bila kisima si Black. Ule mwisho anapolia lia kule unahitaji umbali bwana, mtu akililia sikioni kwako hiyo siyo huzuni, ni usumbufu. Nikarudi nyota moja.

Na huu ugomvi wala siyo wa Pearl Jam peke yao, ile miaka wote walikuwa wanagombana na sauti zao. Bendi ya Nirvana, albamu yao Nevermind walirekodi na prodyuza Butch Vig, mwaka huohuo 1991, akaja Andy Wallace akaimiksi ikang'aa, ikauza dunia nzima, halafu mwimbaji wao Kurt Cobain akaja kulalamika imeng'arishwa mno. Iliyofuata, In Utero, wakaenda kwa fundi wa kurekodi Steve Albini kule Minnesota, Februari 1993, kama wiki mbili kazi imekwisha, kavu na kali kama walivyotaka, halafu tena roho ikaanza kusita, nyimbo mbili akapewa Scott Litt azilainishe. Albini ndo mtu wangu. Alikataa asilimia ya mauzo, akasema alipwe kama fundi bomba, nimefanya kazi nilipe tuachane. Fundi bomba wa Albini angekuwa anauza CD hapa Dar, angenipa CD mbili.

Basi. Wiki ya pili hivi nikampigia huyu muuzaji kwa simu ya wife. Mlio wa kwanza kapokea, sauti ya asali: "Haloo mpendwa, karibu dukani." Nikamwambia mpendwa ni mimi wa Ten. Sauti ikashuka palepale, aaah, kaka mambo. Nikamuuliza CD ya kwanza iko wapi.

"Ile nyingine ipo kwenye gari."

"Gari gani?"

"Langu."

"Inafanya nini humo?"

"Inaimba."

Nawaambia nilikosa neno. Nikauliza kama nyimbo ni zilezile kwanini wewe usichukue hii ya pili ukanipa mimi hiyo. Akacheka, akasema, na hapa namnukuu maana sitasahau: "Kaka hiyo niliyokupa kavu, hii ndo yenyewe. Mi sikujua kama wewe ni wa kujua, wengi wanachukua kwa ajili ya kava tu waweke ukutani."

Sikuwa wa kujua! Mimi niliyetafuta kaseti ya tisa! Wizi nitasamehe, uzembe nitasamehe, lakini mtu anipime kwa macho ya WhatsApp aone huyu hawezi kusikia tofauti, ampe makapi, yeye abaki na kisima anaendesha nacho gari. Nikamwambia leo hii naifuata. Akasema njoo, ila kuitoa haitoki.

Haitoki ni haitoki kweli. Nilienda. Kigari chake kina ile redio ya Kijapani isiyovuka 90, stesheni nyingi za hapa haishiki, tegemeo lake ni CD, na CD imenasa. Tulibonyeza kitufe cha kutolea mpaka kidole kikauma, inanguruma inasukuma inarudi ndani, akaleta kibano cha nyusi cha dada wa saluni ya jirani, wapi. Kumbe imenasa toka kabla hajaiposti. Yani aliweka tangazo la CD mbili huku anajua moja ni mali ya dashibodi. Nilisema maneno ambayo hayaandikiki, yeye kanyamaza kimya, kijana mdogo tu kumbe, nilidhani ni mtu wa rika langu kwa alivyokuwa ananijibu.

Akasema braza ingia kwanza, jua kali. Nikaingia. Akafunga vioo, akazima feni, akairudisha nyuma hadi namba saba, Oceans, sikumwomba na wala sikuwa nimemsimulia habari za kaseti. Spika zake za milangoni moja imepasuka kidogo lakini mwangwi ulikuja wote, mzima, ule ule. Ilipofika pale ambapo kwangu mimi huwa TAK, nilikuta nimebana pumzi. Haikuruka. Ikaendelea tu. Na huyu mtoto akanyanyua kidole kimoja akasema taratibu, "Sikia hapo, anatikisa kitu."

Nyota sijui niandike ngapi. Muziki tano, huduma sifuri, gari mbili. Msinunue kwake. Au mnunue lakini mwambieni apige picha CD zote mbili juu ya meza, na siyo zikiwa ndani ya kava.

Oceans ilipoisha nikamwambia sasa nirudishie hela yangu. Akasema tusubiri Porch iishe.