Madaraka Express kwa mstaafu: panda ya saa mbili asubuhi

Wanaomkatia mzee tiketi ya Madaraka Express, treni ya abiria ya Nairobi hadi Mombasa, huuliza mambo mawili: ipi inafika haraka, na daraja la kwanza lina nafasi? Hayo ni maswali ya mtu mwenye kazi Jumatatu. Mstaafu hana Jumatatu. Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi kati ya 341 na 270 KK na kufundisha kwenye bustani yake Athens, angeuliza mengine: mwili utauma? Roho itatulia? Na nani amekaa kiti cha pili? Jina lake limegeuzwa kuwa la walafi, ilhali mwenyewe alishiba mkate na maji, na kipande cha jibini kwake kilikuwa karamu. Ukiipima treni hii kwa mizani yake, tiketi inayosifiwa zaidi inashuka thamani.

Tuanze na saa. Ya saa tisa alasiri ndiyo ya haraka, kama saa tano hivi kwa safari ya karibu kilomita 480. Ya saa nne usiku humshusha mzee Mombasa usiku wa manane, hajalala wala hajaona kitu. Hiyo iacheni kwa vijana. Ya saa mbili asubuhi husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, kwa hiyo inachukua kama saa sita. Saa hiyo moja ya ziada ndiyo bidhaa yenyewe. Kwenye treni ya alasiri jua huzama mkiwa bado mnaitafuta Voi, na mbuga ya Tsavo yote iliyobaki ni kioo cheusi kinachokurudishia sura yako. Ya asubuhi hupita mbugani mchana kweupe. Ukitokea Nairobi, mkono wa kulia ni upande wa Kilimanjaro, na mlima hujitokeza maeneo ya Emali hadi Kibwezi siku mawingu yakiwa mbali. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa udongo wanaojipaka. Tafuta rangi ya kichuguu kinachotembea. Tena kwa wanaoswali, treni hii hufika adhuhuri ingali na wakati wake, wakati ile ya saa tisa huwakuta na alasiri na magharibi wakiwa humo ndani.

Sasa daraja. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida toka mwanzo hadi mwisho ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Fanya hesabu: pesa inayompeleka mzee mmoja daraja la kwanza inawapeleka watatu daraja la kawaida. Epicurus alishauri mtu aangalie atakula na nani kabla ya kuangalia atakula nini, na hapa ushauri huo una bei yake kamili. Mabehewa ya kawaida yana viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinavyotazamana, magoti karibu kugusana. Kijana mwenye simu huona kero. Wazee watatu waliosoma pamoja au kufanya kazi ofisi moja wamepata baraza linalotembea.

Lakini falsafa isitumike kumuonea mtu mgongo. Mgongo wa kiti cha kawaida umesimama wima na haulali, na baada ya Kibwezi kiuno kilichochoka kitakuwa kimeshaanza kulalamika. Mwenye magoti mabovu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au asiyeweza kukaa saa mbili bila kujinyoosha, alipe 4,500 bila kuona haya: daraja la kwanza lina viti viwili kwa viwili na nafasi ya kunyoosha mguu. Kuondoa maumivu ni haja ya lazima. Kuonekana umekaa na wakubwa si haja. Kwa aliye katikati, mto mdogo wa kuweka kiunoni hufanya kazi kubwa kuliko anavyotarajia.

Kununua ni kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, na malipo ni M-Pesa. Makosa hutokea palepale. Mjukuu anamkatia bibi kwa simu yake, na kwa mazoea anajaza namba ya kitambulisho chake mwenyewe. Tiketi hukaguliwa pamoja na kitambulisho, kwa hiyo jina na namba viwe vya msafiri. Kosa la pili ni kila rafiki kujikatia peke yake. Mfumo ndio unaogawa viti, na mtajikuta mmoja behewa la pili na mwingine la saba. Mkatiwe wote kwa mara moja. Malipo yasicheleweshwe, maana nafasi isiyolipiwa haikusubiri.

Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na kwa treni ya saa mbili barabara ina foleni ya asubuhi. Fika saa moja kamili au kabla. Kwa mzee, hapa ndipo penye kazi kuliko safari yenyewe: mabegi hupangwa chini kwa mstari yanuswe na mbwa wa polisi, kisha yanainuliwa kupita kwenye mashine. Kuinama na kuinuka huko ndiko kunakochosha, basi begi liwe moja, la magurudumu, na mswala na dawa vikae kwenye mkoba wa mkononi. Kisu cha kumenyea embe na pombe havipiti. Ndani kuna ngazi za umeme. Asiyezizoea amtafute mhudumu mapema kabla umati haujaanza kusukumana.

Mkishakaa, anayeona kizunguzungu apewe kiti kinachotazama treni inakoenda. Kwa kuwa viti vinatazamana, mwenzake atambadilishia. Anayeamka mara kwa mara kwenda chooni akae pembeni mwa njia. Vyoo vingine ni vya kuchuchumaa, hivyo amuulize mhudumu kilipo cha kukaa kabla haja haijambana. Kiyoyozi hupuliza baridi mpaka inaingia mifupani, na leso moja nzito au sweta haikosi kazi hata Machi. Kila baada ya saa moja simama, tembea behewa zima na kurudi, miguu isivimbe. Treni ikisimama Voi usishuke kujinyoosha. Husimama dakika chache tu. Chakula kinauzwa humo ndani, ila mwenye sukari aje na chake anachokijua, na chupa ya maji.

Jambo moja treni hii haiwezi, na watoto wengi huliagiza kwayo: kumponya mzazi aliyefiwa kwa kumpeleka pwani peke yake "akabadilishe hewa". Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba anayesafiri kuikimbia huzuni huenda nayo. Saa sita dirishani bila mtu wa kusema naye ni ndefu mno kwa mjane. Mkiwa na 4,500 na nia njema, hapo ndipo hesabu ya tiketi tatu ina maana zaidi.

Mombasa mtashukia Miritini, upande wa bara, si kisiwani. Madereva wa teksi na tuktuk huwasubiri abiria nje, na bei hupanda kwa mwenye begi kubwa na macho ya ugeni, kwa hiyo mwenyeji wa mjini amtume dereva anayemjua au mkubaliane nauli kabla mguu haujaingia garini. Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile mnayokata ya kwenda, hasa Desemba, Pasaka na shule zikifungwa. Na iwe ya asubuhi vilevile. Safari hii Kilimanjaro itakuwa kushoto.