Posta ya kikoba chetu: 80,000, marekebisho matatu na mkia wa j

Haya wapendwa, mmeniuliza sana ile posta ya kikoba chetu nani katengeneza na ilikuwaje, sasa naeleza yote mazuri na mabaya, ila jina la kijana siweki hapa maana lawama zipo pia.

Tulikuwa tunatimiza miaka 5 tukataka posta ya A2 yenye maneno matupu, Haba na haba hujaza kibaba, basi. Bei 80,000 na marekebisho matatu ndani yake, la nne ni 10,000. Hiyo ya marekebisho isomeni vizuri kabla hamjatoa hela, mtaona mbele kwa nini.

Kilichonifurahisha kwanza kijana hakufungua hata laptop. Kaja na daftari na penseli, michoro kama kumi na tano midogo, kila mmoja saizi ya kiberiti. Mingi ya kawaida tu, kibaba kimejazwa herufi kama mchele, mwingine maneno yamezunguka kama ungo. Halafu akaniambia dada hebu iandike hii methali kwa herufi ndogo. Nikaandika. Akasema ona, sentensi nzima ni herufi moja tu inayoshuka chini ya mstari, j ya hujaza. Aisee! Methali naisema tangu chekechea sijawahi kuliona hilo. Basi akauvuta ule mkia wa j ukashuka mpaka chini ukaingia kwenye neno kibaba kama mtu anamimina, na nukta zipo mbili tu, ya j na ya i, zote kazigeuza punje za mchele. Haba na haba kule juu nyembamba, kibaba chini nene limejaa karatasi nzima. Pale pale ningelipa nikaondoka zangu.

Ila nikaipeleka kwenye kikao, hapo ndo shughuli ilipoanza. Wamama wakataka herufi kubwa kama jina la kanga, na kiukweli hoja yao sio mbaya, jina la kanga unalisoma hata mwenye nayo akiwa ng'ambo ya barabara. Kijana akabadilisha, sasa J kubwa kwenye fonti yake haina mkia, imesimama sawa na wenzake, kumimina kote kukafa, halafu zile A zinaacha mapengo huku na huku ikabidi azisogeze moja moja kwa mkono. Tukarudi herufi ndogo. Yaani marekebisho mawili yameliwa na tuko pale pale tulipoanzia. La tatu wakataka picha za viongozi watano na namba zao za simu, akaziweka kimya kimya, posta ikawa kama ya kampeni za udiwani. 10,000 ya kuzitoa nililipa mimi mfukoni kwangu. Namuuliza kaka mbona hukutuambia inaharibika, ananijibu "dada, wateja si ni nyie?" Mh. Sasa hapo nalipia nini kama sio jicho lako?

Kuchapa tulichapa sehemu nyingine aliyotuelekeza yeye. Kijani kwenye simu kilikuwa kinawaka, kwenye karatasi kimetoka kama kisamvu cha jana. Akaeleza kwamba simu inatoa rangi kwa mwanga na mashine inachanganya wino wa rangi nne, kijani kikali vile wino haukifikii. Sawa nimeelewa, ila hilo lilitakiwa kusemwa kabla ya kuchapa nakala 20, sampuli moja ya A4 ingetosha kabisa. Na upande mmoja kumebaki kamstari keupe kama uzi kwa sababu kwenye faili hakuacha zile milimita 3 za ziada za kukatwa. Alirekebisha bure bila ubishi na kijani akakitengeneza upya, ila karatasi tulilipa tena sisi.

Nampa nyota 4. Ile moja nimekata kwa sababu ya uzi mweupe na ule ukimya wake, ila ile michoro ya penseli peke yake ina thamani ya hela yote.

Mkienda, daini michoro ya penseli kwanza na sampuli ya karatasi, na kamati muionyeshe ikiwa imeshabandikwa ukutani.