Baiskeli gani ununue kwa kuzunguka njia za pembeni ya mji: nazipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kuikimbia

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Baiskeli yangu ya kwanza ya matembezi ilikuwa ya mbio, hendeli zimepinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba za milimita 25, nyepesi hadi unainyanyua kwa vidole viwili, na niliinunua kwa sababu moja tu, ilikuwa nzuri. Njia niliyoipanga ilikuwa mzunguko wa kilomita 42, unatoka mitaani, unafuata reli, unapanda kilima, unashukia bondeni kwenye mashamba af unarudi nyumbani. Kilomita 36 zilikuwa lami safi kabisa. Zile sita za katikati zilikuwa mchanga na mawe, na zote sita niliikokota, jua la saa saba, nimevaa vile viatu vyenye chuma chini, kak kak kak, watoto nyuma wananisindikiza wanacheka.

Tangu siku ile nina sheria moja tu: chagua baiskeli kwa kuangalia kilomita mbaya kuliko zote kwenye njia yako. Kwenye lami kila baiskeli inaenda. Kwani yule mwendesha baiskeli Thomas Stevens si alivuka Marekani yote mwaka 1884 na ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na kadogo nyuma, haina gia wala nini, ila vipande vingi ilibidi ashuke aisukume, na we hutaki kutumia Jumapili yako unasukuma.

Sasa njia za pembeni ya mji utamu wake ndo uko kwenye mchanganyiko, unaanza lami, mara vumbi, mara kinjia cha watu kando ya mto, mara ngazi, mara kidaraja cha mbao ambacho mbao mbili hazipo. Kabla hujatoa hela itembee hiyo njia, au hata iangalie kwenye picha za setilaiti, ujue ni kilomita ngapi hazina lami, mwinuko mkali uko wapi na kama kuna mahali utabeba baiskeli begani. Ukishajua hayo nusu ya baiskeli za dukani zimejitoa zenyewe.

Kuna vitu viwili nitavitaja sana huku chini kwa hiyo nivimalize hapa. Cha kwanza upana wa tairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 40-622, hiyo 40 ni upana kwa milimita na 622 ni kipenyo cha pale tairi inapokalia rimu. 622 ndo hiyo hiyo wanaita 700C, na ndo hiyo hiyo ya mauntini (baiskeli za milimani) za inchi 29, wakati mauntini za zamani za 26 ni 559. Tairi ya milimita 28 utaijaza psi 70 na kitu (psi ni kipimo cha upepo), inakuwa ngumu kama mti, kila kokoto unalisikia kwenye meno. Ya 40 unaijaza 40 hivi kwa mtu wa kilo 70, inalainika inapita. Tatizo ni kwamba fremu ndo inaamua tairi pana kiasi gani itaingia, kwa hiyo dukani pitisha kidole kidogo kati ya tairi na uma wa mbele (zile shina mbili zinazoshika gurudumu), kisha nyuma karibu na pedali, kisipopita ujue siku ya tope gurudumu litajaa udongo ligome kuzunguka.

Cha pili gia. Chukua meno ya sproketi ndogo kabisa ya mbele gawanya kwa meno ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma, mara nyingi idadi imegongwa pembeni, kama haipo hesabu kwa kidole. Ukipata 1 au pungufu, vilima vingi utapanda umekaa. Ile yangu ya mbio ilikuwa 34 kwa 28, yaani 1.21, na pale kilimani nilikuwa nasimama kwenye pedali kama napanda mnazi.

Haya, mpangilio wenyewe.

Namba 1: baiskeli ya changarawe

Hendeli zake zimepinda kama za mbio ila zimepanuka kwa chini, tairi 38 mpaka 45, breki za diski, na nzuri zinakuja na matundu ya kufungia keria na madigadi. Kwa mzunguko wa kilomita 30 mpaka 70 wenye lami na vumbi sijaona ya kuishinda, kwenye lami haikuchoshi na ukiingia kwenye zile barabara za vumbi zilizochimbika mistari mistari haikurushi. Ubaya wake bei, iko juu kuliko nyingi nitakazozitaja, na siku hizi neno lenyewe limekuwa la kuuzia, unakuta fremu ya mbio wameibandika tairi za 32 wanakwambia ya changarawe, haina hata tundu moja la keria. Hapo fanya kidole. Zenye sproketi moja tu mbele ni nzuri, cheni haichomoki ovyo, ila fanya hesabu: 40 mbele na 42 nyuma ni 0.95, sawa, 40 na 34 ni 1.18, hapana.

Watu wanauliza kaboni au alumini. Kwa kazi hii alumini inatosha, chuma ni raha zaidi mwilini na kikipasuka mchomeleaji mzuri anakishona. Kaboni mpya sina ugomvi nayo, kaboni iliyotumika mi siigusi, imewahi kugonga wapi huwezi kuona kwa macho.

Namba 2: mauntini ya zamani ya 26, chuma, uma mgumu

Hapa wengi watanipinga na mi ndo ninayoendesha. Zile mauntini za miaka ya 90 ambazo hazikuwa na shokabu, fremu ya chuma, sproketi tatu mbele ile ndogo ina meno 22 au 24, ukizivua zile tairi za vinundu ukaweka nyororo kiasi za inchi 1.75 au 2 unapata baiskeli ya safari kwa bei ya kutupwa. Imara, inapanda ukuta, na fundi yeyote anaijua. Ila jua kwamba mauntini mpya karibu zote zimehamia 27.5 na 29, kwa hiyo tairi nzuri za 26 ukiziona chukua mbili weka ndani.

Kwa vile hii utainunua imetumika, ikague hivi na usione haya muuzaji akikutazama. Bana breki ya mbele sukuma baiskeli mbele nyuma, ukisikia kugonga pale shingoni beringi zimelegea au zimekwisha. Shika krenki zote mbili (ile mikono ya pedali) vuta kushoto kulia, isicheze. Zungusha magurudumu uangalie rimu kwenye mpira wa breki, ikiyumba kidogo spoki zinakazwa, ikiruka juu chini achana nayo. Chukua rula upime cheni kutoka pini mpaka pini, pingili 24 zinatakiwa ziwe inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8, ikifika 308 cheni imevutika na kuna uwezekano imeshakula sproketi pia. Halafu hili ndo lililonitoa machozi: legeza siti uipandishe na kuishusha. Mi sikufanya hivyo, nimefika nyumbani nguzo ya siti imeshikana na fremu kwa kutu, fundi akamwaga mafuta siku tatu, akafunga kwenye jiliwa akazungusha fremu nzima, wapi, mwisho akaikata kwa msumeno akawa anaichonga kwa ndani kama anasafisha mtungi. Siku mbili za kazi. Hela niliyookoa pale kwa muuzaji yote ilienda kwa fundi.

Namba 3: haibridi

Hii ni mchanganyiko wa ya mbio na mauntini: hendeli imenyooka, tairi 35 mpaka 40, unakaa wima unaona mbele, mgongo hauulizi maswali. Kwa mtu anayeanza, au atakayeitumia wiki nzima kwenda kazini na Jumamosi kwenda kuzunguka, ningemwambia aanze na hii hata kabla ya namba 1. Ila chukua yenye uma mgumu, zile shokabu za bei ndogo wanazoziweka mbele zinaongeza uzito zaidi ya faida, baada ya mvua mbili tatu zinakwama.

Namba 4: mauntini mpya yenye shokabu ya mbele tu

Kama kilomita zako mbaya ni mizizi na mawe ya ukubwa wa ngumi basi hii ipandishe namba 1 na usahau nilichosema huko juu. Kwa njia za kawaida za vumbi ni baiskeli kubwa kwa kazi ndogo, kwenye lami tairi zinavuma vuuu njia nzima na wenzako wanakusubiri. Tafuta yenye kitufe cha kufunga shokabu, ukipanda unaifunga. Na uliza keria inafungwa wapi, nyingi hazina matundu.

Namba 5: baiskeli ya safari ndefu

Naiheshimu sana, fremu ya chuma, spoki 36, keria mbele na nyuma, gia za kupandia mlima na mabegi manne. Ila kwa mzunguko wa siku moja ikiwa tupu inaenda kama mzee anayewaza. Kama mpango wako ni kulala njiani nunua hii, basi.

Namba 6: ya umeme

Nimeiweka hapa chini kwa sababu ya hesabu, sio dharau, na mwenye magoti mabovu au anayetoka na mtu mwenye kasi zaidi yake aihesabu kuwa ya kwanza. Hesabu yenyewe ni hii: zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, 36 kwa 14 unapata wati-saa 504. Sehemu tambarare ukisaidia kunyonga inakula kama wati-saa 10 kwa kilomita, vilimani 15 au zaidi, kwa hiyo ni kilomita 50 au 33, usiamini ile namba kubwa ya kwenye boksi. Betri ikiisha umebaki na chuma cha kilo 20 na zaidi unanyonga mwenyewe. Mota ya katikati kwenye pedali inapanda vilima vizuri kuliko ya kwenye gurudumu maana inatumia gia zako. Angalia na sheria za ulipo, kwa mfano Umoja wa Ulaya ya kawaida mwisho ni wati 250 na msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa.

Namba 7: ya mbio

Njia yako yote lami? Nunua, utafurahi. Kama kuna hata kilomita mbili za mchanga rudi juu kasome upya habari ya viatu vyangu.

Ya kuikimbia

Ile ya bei poa yenye shokabu mbele na nyuma, rangi kali, maandishi mengi. Shokabu zake ni springi tupu, kila ukikanyaga pedali sehemu ya nguvu inamezwa pale nyuma, unadunda kama uko kwenye kitanda, na ni nzito. Zile nzuri za aina hii zipo ila bei yake ni habari nyingine. Za kukunja nazo zenye magurudumu madogo waachie wa lami na treni, shimo ambalo kubwa linaruka hizo zinaingia ndani.

Ukishachagua aina, kipimo. Simama umeipanda bila kukaa, bomba la juu lisikuguse pale pasipotakiwa kuguswa. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba, siti hapo iko sawa. Muuzaji akikwambia utaizoea, we ndo utakuwa unaizoea, yeye amebaki dukani.

Na usimalize hela yote kwenye baiskeli. Tairi nzuri zenye ngao ya kuzuia miiba, tyubu ya akiba, viraka, taa mbili hata kama unatoka asubuhi, na pampu. Kwenye pampu angalia valvu zako, kuna nene kama za gari na kuna zile nyembamba zenye kikofia cha kufungua kwanza, na pampu ya moja inaweza isiingie kwenye nyingine, kwa hiyo ijaribu pale pale dukani, toa upepo ujaze mwenyewe kabla hujaondoka.