Johileraiti ya Tolbachik: Kibandiko Kimekosea, Rangi Haikukosea

Karibuni tena, watazamaji wangu, kutoka hapa Shangani, Mtwara. Ndani ya kikasha hiki, ambacho hakizidi ukubwa wa kiberiti, kuna johileraiti, madini adimu yaliyotoka katika volkano ya Tolbachik, Kamchatka, nchini Urusi. Ugumu wake ni 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na uzito wake ni takriban mara 4.15 ya ule wa maji. Hayo mengine nitayapita, kwa sababu kilichonifanya niwashe kamera leo ni rangi yake.

Nimebandika chembe yake moja nyembamba kwenye kipande cha kioo, nikaiweka juu ya skrini nyeupe ya kompyuta mpakato ya zamani, kwa kuwa mwanga wa skrini za aina hii hutetemeka kwa uelekeo mmoja tu. Tazameni kupitia lenzi: sasa hivi ni zambarau yenye wekundu, kama tunda lenyewe la zambarau likiwa limeiva. Nazungusha kioo polepole, bila kugusa kitu kingine chochote, na wekundu unafifia, unakuja ubuluu, kisha, robo ya mzunguko inapotimia, inabaki buluu yenye ukijani kama maji ya hapa Shangani bamvua linapojaa. Naendelea kuzungusha, na zambarau inarudi. Nimeufanya mchezo huu tangu juzi na bado sijauchoka. Shaba iliyo ndani ndiyo inayotia rangi, lakini fuwele hainyonyi mwanga kwa namna moja katika kila upande.

Najua mtaniuliza kuhusu tanzanaiti. Ni kweli, nayo hubadilika ukiigeuza, tena ni ngumu zaidi na hufaa kwa pete. Aleksandraiti, jiwe jingine la thamani linalopatikana Tunduru, ni habari nyingine, kwani yenyewe hubadilika unapotoka juani na kuingia kwenye mwanga wa taa. Nitaishughulikia katika video ijayo, panapo majaliwa.

Sasa nieleze kilichoniudhi. Muuzaji ameandika kwenye kibandiko: “fosfeti”, yaani madini yaliyojengwa kwa fosforasi na oksijeni. Nililipa shilingi laki moja na themanini elfu, na usafirishaji ukakaribia kulingana na bei ya jiwe lenyewe, halafu naletewa jina la ukoo usio wake! Haya ni madini ya sodiamu, shaba, magnesi, aseniki na oksijeni. Ni aseneti, yaani madini yaliyojengwa kwa aseniki na oksijeni, na fosforasi si sehemu ya fomula yake. Hata hivyo, nilipotulia niliona kosa hilo lina mlango lilikoingilia. Johileraiti imo katika kundi la alwodaiti, na alwodaiti yenyewe, madini yaliyolipatia kundi hilo jina, ni fosfeti kwelikweli. Kundi hilo hujengwa kwa kufuata jinsi atomu zilivyopangwa, na katika mpangilio huo aseniki huweza kukaa pale ambapo fosforasi ingekaa. Ndiyo maana wataalamu huweka fosfeti, aseneti na vanadeti (zenye vanadi badala ya fosforasi) katika tabaka moja. Kwa hiyo muuzaji amekosea, lakini hakukosea kwa umbali niliodhani wakati nikifoka.

Kitu cha ajabu zaidi ni kwamba madini haya hayakutambuliwa kwanza kwenye volkano. Yalielezwa mwaka 1982 kutoka mgodi wa Tsumeb, Namibia, yakapewa jina la Johannes-Erich Hiller, profesa wa madini wa Stuttgart. Kule Tolbachik, ambako mlipuko mkubwa wa nyufa ulitokea mwaka 1975 hadi 1976, aseneti kama hizi hujijenga kwenye matundu yanayotoa gesi ya moto, gesi hiyo ikiwa imebeba shaba na aseniki na kuviacha kwenye kuta za miamba.

Kwa kuwa kuna aseniki, usiisage, usiichome moto, wala usiilambe kama wafanyavyo baadhi ya wachimbaji wanapotaka kutambua jiwe. Mimi nimeshika kikasha tu, na bado nitanawa kwa sabuni kabla ya kugusa korosho zilizo hapa mezani.

Kibandiko cha zamani nimekibandua. Kipya, kwa mwandiko wangu mbaya mnaoufahamu, kinasomeka: johileraiti, aseneti, kundi la alwodaiti, Tolbachik.