Seti ya kuchongea niliyonunua Kariakoo: kisu kimenivunjia mdiria

Kisu hiki kimenivunjia mdomo wa ndege niliyemchonga kwa wiki tatu. Seti nzima ni visu, bobari (zile patasi za makali yaliyopinda) na patasi za kawaida ndani ya mfuko wa turubai, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000, masika yalipoanza. Vipimo vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi nataka kuwaeleza habari ya kile kisu kidogo, na ya mtu aliyeniuzia.

Nilikuwa namchonga mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji pale daraja la Salenda, anapigapiga mbawa bila kusogea, kisha anajitupa chini, chubwi. Nimemtazama asubuhi nyingi nikiwa kwenye daladala, foleni haiendi. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu, tena mara nyingi umekatika katikati. Nilimtaka jike. Mti ulikuwa kipande cha mninga nilichopewa na mafundi wa fanicha kule Keko, kikavu, hakina hata fundo moja.

Nilichora umbo lake la ubavuni, nikachora na la kutoka juu, nikakata kwa msumeno, halafu nikaanza kumtafuta ndani ya ule mti kidogo kidogo. Mdomo niliuacha mnene hadi mwisho, kwa sababu ukiutangulia utaugonga wakati unahangaika na mgongo. Nyuzi za mti nilizielekeza kutoka kichwani hadi nchani. Zikiukatiza mdomo, unameguka hata kwa kuushika tu. Kishungi kilikaa. Mabega yalikaa. Macho nilimwekea shanga nyeusi, na mwanangu alipoingia sebuleni akasimama mlangoni: "Mama, ananiangalia."

Basi ikabaki kuunyoosha mdomo upande wa chini, kazi ya dakika kumi. Nikasikia "tak". Kisu kimekatika shingoni, pale kinapoingia kwenye mpini, bapa likateleza na kuondoka na ncha ya mdomo. Niliitafuta sakafuni kwa tochi ya simu mpaka nikaipata chini ya kochi. Ndogo kama punje ya mchele. Nilikaa pale chini nimeishika, sikuweza kusema kitu.

Nilipokichungulia kile kisu ndipo hasira ikapanda. Mkia wa chuma uliokuwa ndani ya mpini haukufika hata urefu wa ukucha wa kidole gumba, umeshikizwa kwa gundi tu. Na pale palipokatika, chuma kina chembe kubwa za kijivu zinazomeremeta kama sukari. Chuma kizuri kikikatika huwa laini, chembe zake huzioni kwa macho. Hiki kiliunguzwa motoni, na aliyekiunguza akakipaka mng'aro akakituma sokoni.

Nilirudi dukani na vipande ndani ya bahasha. Nilimkuta kijana yuleyule. Nikamsalimu, hakuinua macho kwenye simu. Nikamwekea vipande mezani, akavisukuma kwa kidole. "Mama, umekitumia vibaya." Nikamwambia nimechongea mbao, na boksi limeandikwa kisu cha kuchongea mbao. "Vya kukatia havirudishwi." Nikamuuliza imeandikwa wapi. Hakujibu hilo. Akasema, na wateja wawili wako pale wanasikia: "Kama shida yako ni ndege, nenda soko la vinyago Mwenge, wamejaa. Hizi kazi waachie wanaume. Watoto nyumbani wameshakula?"

Umri wa kunizaa hana, ni wa kuzaliwa na mimi. Nimesimama katika maduka mengi Kariakoo, nimepunjwa, nimesukumwa na mikokoteni, lakini sijawahi kuulizwa mbele za watu kama wanangu wamekula. Sikumjibu. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikachukua bahasha yangu.

Msinunue seti hii. Hilo ndilo nililokuja kuandika.

Lakini Mwenge nilikwenda kweli, kumtafuta mzee mmoja mchongaji ninayemfahamu. Nikampa shikamoo, nikamtolea ndege na mfuko wote wa vifaa. Kisu alikitazama mara moja akakiweka pembeni. Akaniuliza kama nilikisokota. Nilikisokota, ni kweli, kidogo, ili kuung'oa ubanzi uliokuwa umegoma. "Usisokote, mwanangu. Kata, toa, kata tena." Akaongeza kwamba kisu chenye mkia kamili kingevumilia. Halafu akashika ile bobari ndogo, akaipitisha kwenye jiwe mara chache, akaipangusa kwenye kipande cha mkanda wa ngozi, akaisukuma juu ya mbao. Ubanzi ulitoka umejikunja, mwembamba, unapitisha mwanga. Akarudia. Akanitazama. "Hii uliipata wapi?"

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Bobari ile sijawahi kushika nyingine kama hiyo. Manyoya yote ya mbawa, unyoya kwa unyoya, nimeyachora nayo baadaye, na haijaomba jiwe ila mara mbili. Imetoka mfuko mmoja na kile kisu, na bei ni ileile moja.

Mdomo je? Mzee alisema tusiubandike ule wa mninga. Akaukata wote hadi usoni, akatoboa tundu kwa keekee, akanipa kijiti cha mpingo. Mpingo ni mgumu, nimeutengeneza kwa tupa na msasa jioni tatu, vumbi jeusi hadi kwenye nyusi. Nimeuchomeka, nimetia gundi. Na mdomo wa mdiria yule wa Salenda ni mweusi, jamani. Mweusi kabisa! Ule wa kwanza ningeupaka rangi, huu hauhitaji rangi. Nikimsogeza dirishani jua linapochwa, mdomo unang'aa kama umetoka majini sasa hivi.

Nataka bobari ya pili, ya ukubwa unaofuata, na sijaiona duka jingine. Nitamtuma mdogo wangu. Mimi mlango ule siingii mpaka kijana yule aniombe radhi kwa habari ya wanangu.