Vitabu vya Godzilla: kipi ununue kwanza

Kabla hujatoa hela, fungua faharasa utafute King Kong vs. Godzilla, filamu ya 1962 ambamo Godzilla, dude la sinema za Kijapani, anapigana na sokwe mkubwa Kong. Kitabu kikidai kwamba katika toleo la Japani mshindi ni Godzilla na katika la Marekani mshindi ni Kong, kirudishe rafuni. Huo ni uzushi wa miaka mingi. Katika matoleo yote mawili wanatumbukia baharini, na anayeonekana akiogelea kwenda zake ni Kong. Mwandishi aliyeumeza hakujisumbua kutazama filamu ya Kijapani, sasa mengine utamwaminije?

Vyote ninavyovitaja ni vya Kiingereza.

Namba moja, tena kwa mbali, ni Ishiro Honda: A Life in Film cha Steve Ryfle na Ed Godziszewski (2017). Honda ndiye mwongozaji wa Godzilla ya 1954. Humu utamkuta askari anayerudi kutoka vitani na kupita Hiroshima iliyoteketea, kisha mzee anayemsaidia rafiki yake, mwongozaji Akira Kurosawa, kuanzia filamu ya Kagemusha. Ndipo utaelewa kwa nini filamu ile ya kwanza haina mzaha. Machi mwaka huohuo, wavuvi wa chombo cha Kijapani Daigo Fukuryu Maru walinyeshewa majivu ya bomu la nyuklia la Marekani lililolipuliwa Bikini, visiwa vya Pasifiki. Novemba Wajapani wakaketi sinema kutazama dude lililoamshwa na mabomu ya namna hiyo. Kitabu ni kinene, lakini usiruke kurasa.

Cha pili, Eiji Tsuburaya: Master of Monsters cha August Ragone (2007), kinunuliwe kwa ajili ya picha. Tsuburaya ndiye fundi wa miji ile midogo na mtu aliyevaa gozi zito la mpira. Kamera ilikwenda mbio ili kwenye pazia dude lionekane linatembea kwa uzito. Ukiwa na mtoto anayechora madude, anza na hiki.

David Kalat, wa tatu, anachambua filamu za Godzilla za kampuni ya Toho moja moja. Chukua toleo la 2010. Lile la 1997 hata likiwa bei ya kutupa, filamu zilizoanza 1999 hazimo.

Mwisho Godzilla on My Mind cha William Tsutsui (2004), mwanahistoria ambaye ni shabiki wa kufa. Kinachekesha na hakichoshi, ila kuhusu utengenezaji wa filamu utabaki na njaa.

Riwaya mbili za Shigeru Kayama, aliyebuni kisa chenyewe, zilitoka kwa Kiingereza 2023 kwa tafsiri ya Jeffrey Angles. Sikuzipanga humu kwa kuwa ni hadithi. Zinunue baada ya Honda.